Vichwa Sita vya Kahawia

Jumatatu, 14 Julai 2025

Naandika Kiswahili kwa usalama. Kaka yangu Tito husoma kila kitu changu, ila Kiswahili anakisikia tu, kukisoma hawezi.

Siku ya hamsini na sita leo. Mayai sita, kwenye boksi la kupozea soda, kabatini kwangu, nyuzi thelathini na mbili. Baba yao ni Sultani, chatu wa rafiki yangu Imara: mweupe, na viraka vya kahawia kama ramani ya visiwa. Mama yao ni Kahawa, chatu wangu. Kahawia mwanzo mpaka mkia.

Imara aliniazima Sultani kwa sababu nilimwambia Kahawa anabeba jeni ya viraka. Mtoto hatoki na viraka mpaka airithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Akiipata upande mmoja anabaki kahawia, anaibeba kimyakimya. Kwa macho hujui kitu.

Nilimwambia ni uhakika. Karatasi ya muuzaji ilisema: huenda, asilimia sitini na sita. Niliitafuna ile karatasi. Kweli kabisa. Nikaimeza garini, hapo barabara ya Route 7, Baba akidhani ni bigijii.

Kwa nini? Kwa sababu nje ya nyumba hii Imara ndiye mtu pekee anayenipigia simu. Mayai yakitoa kahawia tupu, atajua. Na simu itanyamaza.

Jumatano, 16 Julai

Imara kaja kutoka Bowie kukagua mayai. Shikamoo mama, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mama nusura alie. Mmarekani, kazaliwa Maryland, Kiswahili kajifunza vitabuni na kwa baba yake, na ngeli zake zimenyooka kama askari wa gwaride. Mama akanigeukia. Msikie mwenzio! Wewe nikikuita unaniambia “what”. Kisha akampa Imara paja la kuku. Lilikuwa langu. Nililiwekea macho tangu saa nne.

Mama haingii chumbani kwangu. Husimama mlangoni na kusema yeye alivuka bahari nzima akaacha nyoka nyuma, mimi nawawashia hita. Baba ndiye aliyeruhusu. Alisema mtoto asiyeongea na watu aachwe walau aongee na chatu.

Nilimweleza Imara tutapata wenye viraka watatu. Sita gawa kwa mbili. Akasema hapana, kila yai linarusha shilingi yake, halijali jirani yake kapata nini. Mradi Kahawa anabeba, akasema. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa kwanza: kuchungulia. Nimemulika mayai kwa tochi ya simu. Nimeona mishipa na giza. Tito kaingia bila kubisha, akauliza kama hii ndiyo kliniki ya wajawazito. Mjinga.

Mpango wa pili: kumchomeka mgeni. Kuna Kimutai, Mkenya wa Herndon, anafuga chatu wenye viraka. Ilinichukua saa mbili kupata ujasiri wa kumpigia. Nikamwuliza kama ana mtoto wa kuniuzia, niseme katoka kwenye yai langu. Akasema wake ana miezi mitano, mnene kama bomba la bustani. Akacheka mpaka akakohoa. “Manze, hiyo yai itabidi ikuwe ya mbuni!”

Nikakata simu. Sikuaga.

Ijumaa, 18 Julai

Yamepasuka! Asubuhi vichwa vinne, jioni sita. Vidogo kama ncha ya kidole, vinanitazama.

Vyote kahawia. Nikakaa sakafuni, nikaona mwisho wangu umefika.

Imara akapiga, nikamwonyesha kwa kamera. Wala hakushtuka. Akasema wenye viraka nao huzaliwa na kichwa cha rangi, weupe uko mwilini. Kichwa hakisemi chochote. Watakaa ndani ya yai siku nzima wakimaliza kiini, ndipo tutajua.

Kwa hiyo tumaini limerudi. Sikuliita. Nilikuwa nimeshazoea kukata tamaa, kulikuwa na raha yake.

Jumamosi, 19 Julai

Imara alifika kabla ya chai. Tukakaa mbele ya boksi kama wafiwa.

Wa kwanza kahawia. Wa pili, wa tatu. Wa nne na wa tano walitoka pamoja, wameviringana, nikaona kitu cheupe! Kilikuwa ganda la yai. Wa sita alichukua saa moja na nusu. Imara alikuwa ameshika mkono wa shati langu.

Kahawia.

Nikawahi kusema. Bahati mbaya tu, nikasema, hutokea mara moja katika sitini na nne, nimepiga hesabu. Imara akafikiri. Akasema kweli, hutokea. Aliniamini! Nilikuwa nimepona kabisa.

Kisha akamtoa Sultani kwenye tangi alilokaa kwangu muda wote huu, amrudishe kwao. Sultani hajala tangu Februari, madume wengine husahau chakula wakipelekwa kwa jike. Uti wa mgongo umechomoza. Imara akampapasa, akasema basi, kama Kahawa anabeba kweli, mwakani atamrudisha avumilie tena.

Hapo nikashindwa. Si ushujaa. Nilikuwa nautazama tu ule mgongo. Nikasema yote, karatasi na kutafuna, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mbu. Yeye akajibu kwa Kiswahili, taratibu, bila kosa hata moja.

“Umenidanganya tangu Desemba.”

Akamtia Sultani kwenye foronya, akaifunga fundo. Akamuaga Mama vizuri sana. Mama akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu mpaka aondoke bila kula.

Jumapili, 20 Julai

Simu kimya. Niliizima nikaiwasha, labda imeharibika. Ni nzima.

Mama alipika pilau, akatenga sahani ya Imara kwa mazoea, kisha akairudisha kabatini. Tito hakunitania hata mara moja. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Watoto sita wamejiviringa, mmoja mmoja, kila mmoja kama fundo la kamba. Kwa upande wa baba yao wote wanabeba jeni ya viraka, bila huenda yoyote. Sina wa kumwambia.

Jumatatu, 21 Julai

Imara kapiga! Nilipokea kabla haijalia mara ya pili.

Akasema bado ana hasira na ataendelea kuwa nayo. Ila watoto nusu ni wa Sultani, atakuja kuchukua watatu. Nikasema sawa. Nikasema sawa mara nne.

Halafu akasema Jumamosi anaonyesha chatu kwenye maktaba ya kwao, watoto na wazazi, kama watu sitini. Binamu yake, aliyekuwa aongee, kajitoa. Anahitaji mtu wa kuongea nusu saa, Kiswahili na Kiingereza. Akaniomba nimjibu ukweli mtupu, mara hii moja tu: nimewahi kuongea mbele ya watu?

Nikasema mara nyingi.

Akauliza mara ya mwisho lini.

Pasaka, nikasema. Kanisani. Watu mia nne, na walisimama kunipigia makofi.