Mchambuzi wa Madeni ya Duka Kuu

Asilimia aliingia Duka Kuu kununua wembe mmoja, lakini harufu ya kuku wa kukaanga ikamshika pua na kumpandisha ghorofani.

Jina hilo alipewa mjini kwa sababu hakuweza kutamka neno bila kulitia asilimia. Ukimuuliza habari za asubuhi, atakujibu, "Nzuri, asilimia themanini na mbili." Na watu walimwamini. Anayesema "nzuri" tu anaweza kuwa mwongo, lakini ni nani atakayejisumbua kudanganya mpaka kwenye themanini na mbili?

Juu kulikuwa na mkutano mkuu wa mwaka wa wanahisa. Duka Kuu lilikuwa na matawi kila upande wa mji, likiuza kila kitu kuanzia sindano hadi vitanda, na wenye hisa zake walikuwa watu wa kawaida: walimu wastaafu, wajane, mafundi waliojinyima. Binti wa mlangoni akamsimamisha.

"Wewe ni mwanahisa, mzee?"

"Binti yangu, mtu anaulizwa uraia sebuleni kwake?"

Binti akaona haya. Akampa ripoti ya mwaka, kalamu na tiketi ya chakula.

Ukumbini Asilimia hakutazama mifuko ya watu. Hiyo ni kazi ya vibaka. Alitazama nyuso. Zilikuwa chungu kama shubiri, maana wenyewe hawakupata gawio mwaka huu wala uliopita, na mwenyekiti alikuwa amechelewa "kwa sababu zisizozuilika". Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, alijisemea Asilimia, akafungua ripoti katikati.

Hapo palikuwa na mizania ya miaka sita. Uhasibu hakuujua hata kidogo. Aliwahi tu kuuza kikokotoo kisicho na betri. Lakini aliona mistari miwili. Mmoja, ulioandikwa "madeni", ulikuwa unanenepa mwaka hadi mwaka. Wa pili, "mtaji wa wanahisa", ulikuwa unakonda. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ni elimu ya kutosha.

Akasimama, akakohoa kisomi.

"Ndugu wanahisa, naomba mfungue ukurasa wenye mizania. Mali za duka hili ni shuka. Nyinyi ndio wenye kitanda, madeni ni mgeni. Mwaka wa kwanza mgeni aliomba ncha ya kufunika miguu, mkampa. Mwaka wa pili akavuta mpaka kiunoni. Sasa ni mwaka wa sita. Mgeni anakoroma katikati, shuka lote kajizungushia, nanyi mko sakafuni mnashika uzi!"

Mjane mmoja akaanza kulia. Fundi viatu akauliza, "Tufanyeje, daktari?" Na hivyo ndivyo Asilimia alivyopata shahada ya udaktari, bila ada wala mtihani.

"Ninaye mnunuzi wa hisa zenu," alinong'ona, kwa mnong'ono uliofika mpaka viti vya nyuma. "Ila kumtafuta kuna gharama ndogo."

Foleni ikajipanga pembeni mwa ukumbi, penye ndoo za deki. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho, na Asilimia alipokea kwa huzuni kubwa, kama mtu anayepokea rambirambi. Mnunuzi hakuwepo, bila shaka. Asilimia mwenyewe hakuamini hata neno moja la alichosema. Duka limejaa watu, rafu zimejaa mali, litafaje?

Mwisho wa foleni alikuja mama mnene mwenye nyumba za kupangisha, maarufu kwa jina la Mama Vyumba, akimburuta mumewe, mstaafu wa posta.

"Mwanangu, nieleze tena. Hayo madeni yakiendelea hivi, mwakani mtaji wetu utakuwa wapi?"

"Kaburini, mama. Asilimia mia."

"Una hakika?"

"Naapa kwa elimu yangu."

Mama Vyumba akatikisa kichwa taratibu, akamtazama mumewe. Mzee akapandisha sauti ghafla.

"Mimi nilishasema hatuuzi! Shemeji yangu si ndiye mpishi wa mwenyekiti? Si amesikia kwa masikio yake kwamba kampuni ya nje inakuja kununua kila hisa kwa bei mara nne?"

"Nyamaza, baba!" Mama akamfinya. "Hiyo ni siri ya watu!"

"Mara nne, mke wangu! Leo leo!"

"Mimi nataka hela yangu mkononi. Hizo hisa zina jina langu, nitamuuzia hata muuza magazeti."

Masikio ya Asilimia yalisimama kama ya sungura. Mzee akaondoka kwa hasira kwenda chooni, na Asilimia akajua hana muda.

"Mama, kwa huruma tu, nitazinunua mimi."

"Wewe? Na madeni yote hayo?"

"Moyo wangu ni dhaifu kwa wazazi."

Akatoa kila alichokusanya. Mama akasema hazitoshi. Akaongeza nauli yake, saa ya mkononi na koti la suti. Msajili wa hisa alikuwa na meza yake hapo hapo pembeni, lakini alitaka kitambulisho, na kwa mara ya kwanza tangu atoroke shule Asilimia akaandika jina lake halisi kwenye karatasi.

Mhuri ulikuwa bado unakauka mwenyekiti alipoingia, jasho likimtiririka.

"Ndugu zangu, nitasema kwa kifupi. Madeni yamezidi mali. Mtaji wa wanahisa umepita sifuri, unaelekea chini. Hisa zimesimamishwa kuanzia saa hii. Mimi nimejiuzulu. Asanteni, chakula kipo." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na mmoja wa wajumbe wa bodi akamfuata na sinia la kuku.

Asilimia alimkimbilia Mama Vyumba, akamkuta kwenye ngazi akimvalisha mumewe koti la suti.

"Mama! Na ile kampuni ya nje?"

"Kampuni gani?"

"Mzee alisema shemeji yake, mpishi…"

"Huyu? Huyu hana shemeji, mwanangu. Mimi nilizaliwa peke yangu." Akamfunga mumewe kifungo. "Linakukaa vizuri, baba."

"Sasa kwa nini ukaniuzia?"

Mama alimtazama kwa upendo wa kweli. "Si wewe uliyetueleza? Tena niliporudia kuuliza, ukaapa. Katika ukumbi mzima, mkweli ulikuwa wewe peke yako."

Huku nyuma ukumbini, kelele zilikuwa zimelipuka. "Daktari alisema! Daktari alituambia!" Hakuna aliyedai ada yake irudishwe, waliona wamelipia unabii. Fundi viatu akapendekeza, mjane akaunga mkono, mikono yote ikanyanyuliwa: daktari awe mwenyekiti mpya. Msajili akathibitisha kwamba ni mwanahisa halali, akasoma jina lake lote kwa kipaza sauti. Asilimia alipiga kelele kwamba yeye ni tapeli. Wakacheka mpaka machozi, wakasema kweli wasomi wana unyenyekevu, wakambeba juu juu mpaka chini dukani.

Chini walisubiri waliouzia duka mali kwa mkopo. Mwoka mikate alikuwa mbele, mikono imejaa unga. Nyuma yake alisimama mwenye maziwa, mwenye sabuni, mwenye jengo na wengine ambao mkia wa foleni yao ulipotelea kwenye rafu za ndoo.

"Huyu ndiye mwenye duka?" aliuliza mwoka mikate.

"Ndiye!" wakajibu wanahisa kwa fahari, wakamshusha.

"Alhamdulillahi. Miezi yote hii tunaambiwa hayupo." Akavuta kreti tupu la soda, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Karibu ukae, mkubwa. Tuanze na mkate."