Magunia Matatu kwa Kadi Moja

Jumatatu, 3 Februari 2003

Fortunata kaondoka asubuhi na mtoto wetu, kaenda Maposeni kumsaidia mama yake palizi. Atarudi Jumapili. Kabla ya kupanda gari kanivuta hadi ghalani, kanionyesha magunia yetu ya mahindi moja moja, yote matatu, utadhani mumewe hajui kuhesabu. Kasema hicho ndicho chakula chetu mpaka Mei, kisitoke hata kisado kimoja. Nikamwambia aende kwa amani. Mwanamke hana imani kabisa na mtu aliyewahi kuwa karani msaidizi!

Mchana nikapita Mjimwema kwa Urban. Jamaa kaweka televisheni moja na gemu la kuchomeka kwenye chumba kinachonuka soksi, halafu anajiita mwekezaji. Watoto wamejaa mpaka mlangoni. Wachezaji wa kwenye skrini vijiti vitupu, mpira wa mraba! Akaniuliza mbele ya watu kama ile kompyuta yangu ya mnadani imeshaanza kutaga. Kompyuta hiyo niliipata shirika letu lilipobinafsishwa: sisi tukapewa barua za kuachishwa kazi, vifaa vikapigwa mnada. Nikamjibu kwamba Jumamosi nafungua ukumbi wa gemu za kompyuta, na yeye atafute kazi nyingine. Watoto wote wamesikia. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Februari

Tatizo dogo. Gemu la mpira limeingia kwenye kompyuta, ila linakwenda pole. Mchezaji kainua mguu kupiga penalti, nikaenda kunywa maji, nikarudi, mguu bado uko juu. Na nyuso hawana.

Nikaenda kwa Kassimu, anayeuza kompyuta za mtumba karibu na stendi. Anajifanya profesa. Akasema mashine yangu ilitengenezwa kuandikia barua, inahitaji kadi ya picha, yaani kile kibao kinachochomekwa ndani ili skrini ionyeshe vizuri. Anazo mbili. Ndogo anaitoa kwa gunia moja la mahindi, maana msimu huu mahindi ni bora kuliko noti. Kubwa, yenye feni yake kabisa, magunia matatu. Bajeti yangu ilikuwa gunia moja. Gunia moja Fortunata hawezi kugundua.

Halafu Kassimu akaharibu kila kitu. Akanishauri nichukue ndogo! Eti inanitosha, eti kubwa haitaingia kwenye kompyuta yangu kwa sababu tundu lake ni la namna nyingine. Nikamtazama machoni. Tangu lini mfanyabiashara wa nchi hii akamsihi mteja anunue cha bei ya chini? Hapo kuna jambo. Kubwa kamwekea Urban! Mimi si mtoto wa jana.

Jumatano, 5 Februari

Wajinga huchagua kwa kusoma maandishi ya boksi. Boksi anachapisha yeyote mwenye gundi. Mimi pasi, redio, betri, vyote nanunua kwa uzito. Feki ni nyepesi, orijino ni nzito, basi. Nikamwomba Kassimu aniazime kadi zote mbili kidogo, nikamwachia saa yangu rehani, nikaenda nazo buchani kwa mzee Fransisko.

Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba mizani. Ile ndogo haikufika hata uzito wa kipande cha ini cha kumpikia mgonjwa. Ile kubwa, karibu nusu kilo! Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akauliza hiyo ni nyama gani na kama imebaki. Mzee Fransisko akauliza anikatie au naichukua hivyohivyo. Watu wa mji huu bwana, teknolojia ikiwapita mbele ya pua wao wanaitafutia chumvi.

Kassimu alipoona mafuta kwenye kadi zake aliuliza bucha gani. Nikamwapia la ng'ombe. Akaapa naye kwamba kubwa haitaingia, na kwamba nikishaichukua harudishi mahindi. Nikamwambia anifungie kubwa. Uso wake ulisawajika. Nilijua tu! Mpango wake na Urban umekufa.

Alhamisi, 6 Februari

Mkokoteni umekuja alfajiri, magunia matatu yameondoka. Ghala likabaki tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Lakini mimi nafikiri mbele. Nimejaza magunia mengine matatu magunzi matupu, nimeyashona kwa sindano ya Fortunata mwenyewe, nimeyapanga palepale. Ukiyatazama huwezi kusema lolote. Ukumbi ukishafunguka, watoto wakianza kulipa, nanunua mahindi mapya na hakuna atakayejua kitu.

Mchana nikafungua kompyuta. Kadi imegoma kuingia. Kassimu kairoga, au kaitabiria vibaya. Chini ina vijino vya rangi ya dhahabu, na vijino kadhaa vimekaa mahali ambapo tundu halivitaki. Fundi mwoga angekata tamaa. Mimi nikachukua msumeno wa chuma. Nikakata kidogo, nikajaribu, nikakata tena. Pembe iliyobaki nikaimaliza kwa tupa. Sasa imekaa! Inachezacheza kidogo, nimeibana kwa kijiti cha kiberiti.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeiwasha. Skrini nyeusi, na kompyuta inalia pii, pii, pii. Inaizoea kadi. Hata punda mpya hupiga kelele siku ya kwanza. Nimeizima nisiichoshe kabla ya shughuli.

Nimeandika kwa rangi ukutani, jina langu likiwa mbele: ANORD GEMU ZA KISASA. Jirani kasema Z imegeuka. Jirani huyo hana hata redio.

Jumamosi, 8 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja wengi. Watoto wa walimu, watoto wa maofisa, na Urban mwenyewe na koti la Pasaka. Nikatoa hotuba fupi juu ya soko huria na ushindani. Nikawasha. Giza. Pii, pii, pii. Urban akasema kwa sauti kubwa kwamba refa ameshafika, anapuliza kipenga, sasa wachezaji wako wapi? Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaipiga kompyuta kofi ubavuni, kofi la kirafiki tu, ikatoa moshi. Mtoto mmoja akapiga makofi akidhani ndiyo gemu lenyewe.

Wote wakamfuata Urban Mjimwema wakiimba pii, pii. Wazazi wa siku hizi hawafundishi watoto adabu.

Jumapili, 9 Februari

Fortunata karudi. Anacheka, ana maboga kichwani, kanisalimia vizuri. Nikamsifia maboga. Nikasema leo tule maboga tu, ugali unachosha. Akasema hapana, anataka kupeleka debe moja mashineni kesho.

Akaingia ghalani. Akashika gunia la kwanza kulisogeza, likanyanyuka juu kwa mkono mmoja! Akalishusha. Akanyanyua la pili, kwa vidole. La tatu akalipiga teke, likagonga dari. Huyu mwanamke kwa kweli ana nguvu.

Nikamweleza kwa utaratibu: ushindani, uzito, Kassimu, Urban. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akapasuka kwa hasira. Akasema alipokuwa mdogo walishinda mwezi mzima wakila mizizi ya porini, na siku aliyoolewa aliapa ghala lake halitakauka. Akasema mahindi yale aliyapalilia na mimba tumboni, wakati mimi niko kivulini nasubiri barua ya shirika. Akalia. Hapo sikujua niweke wapi mikono yangu. Ni kweli alipalilia.

Akafuta machozi, akaniuliza kadi iko wapi. Nikaichomoa kwenye kompyuta, nikampa nikidhani anataka kuikagua. Akabandika sufuria, akachemsha maji, akaitumbukiza. Akakoroga na mwiko! Akaniuliza kama inahitaji moto mkali au wa polepole, maana mimi ndiye mtaalamu. Baadaye akaniletea sahani: majani ya maboga upande mmoja, kadi upande wa pili, inatoka mvuke. Akasema karibu mume wangu, ule ushibe mpaka Mei.

Nilikula majani.

Jumatatu, 10 Februari

Fortunata kaamka mapema, kajitwika kompyuta yangu, kaipeleka kwa Urban. Kaibadilisha kwa magunia mawili ya mahindi. Hakuniuliza. Mkokoteni umeyaleta, kayanyanyua mwenyewe moja baada ya jingine kabla ya kuyapokea.

Jioni nilipita Mjimwema, kwa bahati tu. Kassimu kaondoa vipande vilivyoungua, kaiwekea ile kadi ndogo. Nilichungulia dirishani. Nyuso wanazo, majani ya uwanja yanaonekana moja moja. Upuuzi mtupu! Nani anakwenda kwenye mpira kutazama majani? Niliondoka kipindi cha kwanza kilipokwisha. Cha pili nilikitazamia mlangoni.

Kadi yangu nimeikausha juani. Nimepita nayo kwa mzee Fransisko: uzito uleule! Nyama gani unaichemsha na haipungui? Hiyo ni orijino. Kumbe kosa halikuwa la kadi, kosa lilikuwa la kompyuta. Kompyuta nyepesi ile! Na Kassimu kaniambia wiki ijayo anapokea moja kubwa, nzito, watu wawili hawaibebi. Anataka magunia mawili.

Fortunata sasa anavaa ufunguo wa ghala shingoni, pamoja na rozari. Sawa, avae. Jumamosi anakwenda Hanga kwa dada yake, na bati la nyuma ya ghala lina misumari miwili tu. Magunzi bado ninayo. Safari hii nitachanganya na mawe.