UML, Ufuta na Ng'ombe wa Mbwemkuru

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimeanza mafunzo ya UML. UML ni nini sikujua. Mwalimu, Bi Dorotea wa kutoka Mtwara, aliuliza kama kuna mwenye uzoefu nayo. Ukumbi kimya. Nikaona nafasi. Nikanyoosha mkono, nikasema mimi ni mwanachama tangu zamani. Nilidhani ni Umoja wa Mafundi Lindi.

Si umoja. Ni michoro! Wanaotengeneza programu za kompyuta huchora kwanza visanduku na mishale, kama fundi anavyochora ramani ya nyumba kabla ya msingi. Alama zake ni zilezile dunia nzima. Bi Dorotea alinitazama kidogo, akaandika kitu mbele ya jina langu. Nadhani ni sifa.

Kisa cha mafunzo: kuna mradi unataka programu ya simu. Ng'ombe akiingia shambani, mkulima atume taarifa, mfugaji aipate, mtendaji wa kijiji aione, kabla fimbo hazijatoka. Mwaka jana zilitoka. Mjomba wangu Amri, mkulima wa ufuta kule Marambo, mpaka leo hushika kiuno akitaka kuinuka. Atakayechora vizuri atapewa kazi ya kuisimamia programu hiyo, Nachingwea na Ruangwa zote. Ofisi! Kiti cha kuzunguka! Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi, na ninakalia kreti ya soda.

Washiriki wengi ni wa kujaza viti. Mshindani ni mmoja, Lubasha. Wazazi wake ni wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa wakahamia Mbwemkuru. Amesoma kompyuta Dodoma. Mpole, ana salamu nzuri. Sikumpenda.

Jumanne, 13 Mei

Somo la klasi. Klasi ni aina ya kitu, si kitu chenyewe. "Ng'ombe" ni klasi. Dume fulani mwenye pembe iliyovunjika, anayejulikana kijiji kizima, huyo ndiye kitu chenyewe. Klasi huchorwa kisanduku chenye vyumba vitatu: juu jina, katikati sifa zake, chini kazi zake. Niliuliza kwa nini jina limepewa chumba kizima peke yake wakati sisi nyumbani tunalala watu sita chumba kimoja. Bi Dorotea akasema tuendelee.

Baadaye tukachora watumiaji wa programu. Mtumiaji ni kijitu cha vijiti: kichwa, mwili, mikono, miguu. Nikamvalisha wangu kanzu na kofia. Bi Dorotea akasema havai kitu. Nikamwambia kwa upole kwamba kwetu mtu mzima haachwi vile mbele za watu. Darasa likacheka. Lubasha hakucheka. Anajifanya mstaarabu.

Jumatano, 14 Mei

Leo idadi. Ukichora mstari kati ya visanduku viwili unaandika namba kila upande. Mfugaji ana moja, ng'ombe wana nyota. Nyota maana yake "wengi". Mimi nilidhani ni za ubora, kama za hoteli, nikampa Mjomba tano.

Jioni nikaona nifanye mazoezi nyumbani. Nikachora familia yangu nyuma ya kalenda. Kisanduku cha Mume. Kisanduku cha Mke. Mstari katikati. Upande wangu nikaandika moja. Upande wa pili mkono ukaenda wenyewe.

Mke wangu, Mwanawetu, alikuwa anapepeta mchele. Akasogea.

"Nyota hii ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni utaalamu.

"Utaalamu wa nini?"

Nikamweleza kwamba inaacha nafasi, programu isije ikakwama mbele ya safari.

"Futa."

Nikafuta. Mchele ulirudi kwenye gunia. Nimekula mhogo wa asubuhi, uliopoa. Utaalamu una adui nyumbani kwake mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei

Kazi ya mwisho imetolewa. Kila mmoja achore mfumo mzima: mkulima, mfugaji, ng'ombe. Jumamosi tutauwasilisha Mbwemkuru mbele ya wakulima na wafugaji wenyewe.

Lubasha alimaliza kabla ya chai. Kisha akaja mpaka kwenye meza yangu, akaniuliza nimekwama wapi, akasema nikitaka tuutazame mchoro wake pamoja anielekeze mishale. Huo ni mtego. Mtu hawezi kukupa kitu chake mchana kweupe. Nikamshukuru, nikamwambia wangu umeshakamilika, umo kichwani.

Walipotoka kunywa chai nikarudi. Mlinzi alikuwa mlangoni ananitazama, kwa hiyo nikauweka mgongo kwenye ubao wenye mchoro wa Lubasha, nikanyoosha simu, nikajipiga selfi. Nikatabasamu. Mlinzi akatabasamu pia. Nyuma yangu ubao wote umeingia. Akili!

Ijumaa, 16 Mei

Kofia yangu imefunika majina. Visanduku vitatu vinaonekana, mistari inaonekana, nyota ipo, sifa na kazi zinasomeka vizuri kabisa. Majina tu ya juu hayapo. Mahali pake kuna kofia, na mimi nimetabasamu.

Nilinakili vilivyoonekana. Nikataka kufikiria majina kwa utulivu, umeme ukakatika, simu nayo ikazima. Nikatumia mantiki. Kisanduku kikubwa nikampa Ng'ombe, kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote. Chenye nyota nikampa Mkulima, kwa sababu sisi ndio wengi. Kilichobaki nikampa Mfugaji. Hesabu imekaa sawa, hakuna kilichobaki mkononi.

Alasiri Mjomba akapita kibandani. Alikuja mjini kwa ajili ya kiuno. Amewaambia Marambo nzima kwamba mpwa wake atawafunga wafugaji kwa kompyuta. Nikamwambia si kufunga, ni kuunganisha kwa mistari. Akasema mistari ni sawa, lakini ikaze.

Jumamosi, 17 Mei

Mbwemkuru. Darasa la shule, shuka jeupe ukutani badala ya skrini. Wakulima upande wa dirisha, wafugaji upande wa mlango, katikati hakukaa mtu. Fimbo zilikuwa nyingi kuliko inavyohitajika kwa kutembelea. Mjomba alikaa mbele kabisa. Mbele ya wafugaji alikaa Mzee Deus, baba yake Lubasha. Ng'ombe walioingia kwenye ufuta wa Mjomba mwaka jana walikuwa wake.

Nikaomba nianze mimi. Bi Dorotea akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mchoro ukatokea shukani, mkubwa. Nikausoma kwa sauti ya ofisini. Nikasema: ng'ombe mmoja humiliki wakulima wengi. Nikasikia benchi likilia, nikaendelea. Nikasema: sifa za mkulima ni rangi, pembe na alama ya sikio. Kazi zake ni kuswagwa, kunyweshwa na kufungiwa zizini.

Mjomba akainuka, mkono kiunoni.

"Bashiri. Mimi nina pembe?"

"Ni sifa tu, Mjomba. Si lazima zionekane."

"Na nani ananimiliki?"

Jibu lilikuwa shukani.

Mzee Deus naye akasimama taratibu. Akauliza kwa nini mfugaji ameandikwa kwamba kazi yake ni kulalamika ufuta wake umeliwa. Akasema hajawahi kupanda ufuta tangu azaliwe, hata jembe lake ni la kuazima.

Mtendaji akasogea karibu na mlango. Mzee Deus akamgeukia Mjomba, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mzee mwenzangu," akasema, "kama kweli una pembe, karibu zizini. Maji yapo, na sisi hatupigi ng'ombe wetu."

Niliona fimbo moja inanyanyuka upande wa dirisha. Mjomba alikuwa anatetemeka mabega. Nikadhani basi, yameanza. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kiuno kikamshika, akainama, akashika meza. Mzee Deus akavuka ile nafasi ya katikati, akamshika mkono, akamkalisha.

"Kiuno hiki ni cha mwaka jana?"

"Cha mwaka jana."

"Pole sana, mzee. Vijana wangu walikosea. Nilipaswa kuja Marambo nikuambie. Niliona aibu."

Mjomba akakisugua kiuno. Kisha akasema naye alilima njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, ile ya zamani, akijua ni njia. Ndiyo maana walipita shambani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema, kwa hiyo naye hakusema.

Baada ya hapo hakuna aliyenikumbuka. Lubasha akaonyesha mchoro wake. Wazee wote wawili wakasogea shukani, wakamwambia umepungukiwa: hakuna kisanduku cha Njia. Akakiongeza palepale. Mjomba akataka kukiona kwa karibu, Mzee Deus akambebea fimbo.

Nilibaki nimeshika kidhibiti cha projekta. Hakuna aliyekuja kukichukua.

Jumatatu, 19 Mei

Kazi amepewa Lubasha. Nilitarajia. Watu wa mbali hupendelewa.

Bi Dorotea aliniita pembeni. Akasema mchoro wangu ni mbaya kuliko wowote aliowahi kuuona, na kwamba wale wazee wasingezungumza kama wasingecheka kwanza. Sehemu ya pili nimeielewa vizuri. Maana yake nimeleta amani. Nikamuuliza kama hilo litaandikwa kwenye cheti. Akasema cheti kinahitaji kufaulu.

Lubasha alinifuata mpaka kibandani. Akasema anahitaji msaidizi upande wa Nachingwea, na yuko tayari kunifundisha upya tangu kisanduku cha kwanza, taratibu. Alisema hivyo amekaa kwenye kreti yangu, bila hata kujipangusa. Nikamwambia nitafikiria. Alipoondoka nikafikiria. Anataka kuiba mbinu zangu. Nimemtumia ujumbe kwamba nina majukumu.

Mwanawetu alipousoma ujumbe huo aliuliza majukumu gani. Nikamwambia yanakuja.

Alhamisi, 22 Mei

Yamekuja! Mradi umenipa kazi ya kutoa nakala za mchoro wa mwisho, zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kuanzia Marambo na Chiola mpaka Mbwemkuru. Lubasha ndiye aliyenipendekeza. Ameona uzito wangu.

Bi Dorotea akapiga simu kunisisitiza. Akasema wazee walikaa tena jana kutwa nzima, Mjomba na Mzee Deus wakiwa mbele, wakakubaliana kila mstari. Akasema kwenye UML ya vitabuni mstari kupinda hakuna maana yoyote, lakini wazee wanausoma kama ramani, na hivyo ndivyo walivyotia sahihi. Nisiguse kitu. Nitoe nakala, nifunge, nitume. Akanifanya nirudie kwa mdomo. Nikarudia.

Nikafungua mchoro. Sikuamini macho yangu. Mstari wa Njia unatoka kwenye Zizi, unapanda, unakunja kona, unazunguka kisanduku cha Shamba pande zote, unashuka, ndipo unafika Mtoni. Ukurasa mzima umeharibika kwa ajili ya mstari mmoja! Kazi ya mtu aliyesoma Dodoma hiyo. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba Zizi na Mto vikitazamana unapiga rula.

Nimepiga rula. Sasa mstari umenyooka kama uzi wa fundi, toka Zizi mpaka Mto, unapita katikati ya Shamba. Umependeza sana. Chini kabisa, pembeni, nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, wazee wajue wa kumuuliza.

Nakala zimeondoka na basi la mchana.