Mimi Nisiyejua Kiluguru

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Za mwilini ninazo, tulieni.) Niko hapa intaneti kafe nawaandikia, maana bora mlisikie hili kwangu kabla hamjalisikia kwa mwingine.

Mnajua nimepata kazi kwa Bwana Karim, mnunuzi wa viungo hapa Morogoro mjini. Tangu ushirika uache kuwa mnunuzi pekee, yeye ananunua pilipili manga na iliki moja kwa moja kwa wakulima wa milimani. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio. Siku ya usaili aliniuliza kabila. Nikamjibu, "Mluguru, lakini wa jina tu. Kiluguru sikijui hata cha kuombea maji."

Uongo mtupu! Nimekulia Matombo kwa bibi yangu hadi darasa la saba. Mpaka leo nikiota, naota kwa Kiluguru. Ila ninyi mliosoma nami mnakumbuka mlivyokuwa mkiniigiza lafudhi kidato cha kwanza, bweni zima likianguka kwa kicheko. (Rehema, unajijua.) Niliapa lugha ile sitaitamka tena mbele za watu. Hata jina nimelikata. Asteria wa nyumbani, ofisini ni Stela.

Basi leo asubuhi wakaja wageni kutoka Kinole, huko milimani, bibi mmoja mkubwa wa ukoo na ndugu zake wawili wa kiume. Bwana Karim anataka kukodi kiwanja cha ukoo wao ajenge banda la kuanikia viungo.

Nikawaamkia, "Shikamooni." Bibi akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa Kiluguru kwetu ni wapi. Nikatoa tabasamu la kimjini.

"Samahani bibi, Kiluguru hakipandi."

Akanitazama juu hadi chini. Halafu akamwambia Bwana Karim kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Kiswahili tunakijua, mwanangu. Lakini ile ni ardhi ya mama zetu. Mambo yake tutayasema kwa lugha ya hao mama. Tafuta mtu wa kukutafsiria."

Bwana Karim akatugeukia sisi wafanyakazi wake. Mimi nikaanza kusoma kalenda ya ukutani. Deo akanyoosha mkono. Huyu ni karani mwenzangu, mtu wa Bukoba aliyeoa huko Mgeta, Uluguruni.

"Nakielewa, bosi. Mashemeji zangu wote Waluguru."

Tukakaa. Nikamimina chai, nikafungua daftari niandike makubaliano.

Bibi akasema kwa Kiluguru kwamba kiwanja kitapatikana, ila kijito kinachopita pembeni kisiguswe, maana vijiji viwili vinakunywa hapo. Deo akakohoa.

"Anasema kiwanja kipo, na maji yako tele pembeni, mtumie tu."

Kalamu ikanikwama. Bwana Karim akafurahi. "Mwambie nitafunga pampu!"

Deo akamgeukia Bibi, akatamka maneno manne ya Kiluguru. Matatu yalikuwa salamu. Wale wazee wawili wakatazamana.

Semeni ninyi mngefanyaje. Nikifungua mdomo, nimejiumbua na kibarua kimeota nyasi. Nikinyamaza, pampu inafungwa kwenye maji ya watu, na huko mlimani watatokea na mapanga. Nikajiambia nitamnong'oneza bosi baadaye, pembeni. (Mwoga hakosi mpango.)

Kumbe Bibi alishamshtukia Deo. Akakausha uso, akasema polepole, "Kijana huyu anatafsiri kama mbuzi aliyetumwa dukani."

Deo akainamisha kichwa kwa heshima. "Bibi anasema ameipenda sana kampuni yetu."

Jamani! Chai ilikuwa mdomoni. Ikatokea puani! Ikalowesha daftari, ikalichora shati jeupe la Bwana Karim, nami nacheka nimeshika meza. Wazee wawili nao wakaangua. Kisha macho yote yakanigeukia.

"Stela," akasema Bwana Karim, "unacheka nini?"

Kabla sijapata uongo mwingine, Bibi akanirushia swali kwa Kiluguru, "Mama yako wa ukoo gani?"

Mdomo wangu haukuniomba ruhusa. Ukajibu! Ukoo, kijiji, jina la bibi yangu, na lafudhi ile ile mliyokuwa mkiniigiza, haikupungua hata chembe. Deo akaangalia dari.

"Kwa hiyo unakijua," akasema bosi.

"Nakijua."

"Na maji?"

"Amesema kijito kisiguswe kabisa, bosi. Vijiji viwili vinakunywa hapo."

Nikasubiri kufukuzwa. Bwana Karim akafuta shati kwa leso, akaishia kulichafua zaidi.

"Mama yangu akipiga simu," akasema, "naongea naye Kigujarati hapo kaunta, wateja wote wanasikia. Wewe ulikuwa unamwogopa nani?"

(Rehema, nilikaribia kukutaja.)

"Deo, kapime iliki. Wewe sogeza kiti."

Nimetafsiri saa mbili nzima. Pampu imefutwa, kijito kimeandikwa kwenye mkataba, na Bibi ametia sahihi kwa mwandiko unaoushinda wangu. Wakati wa kuagana akanishika mkono.

"Chai yako ina adabu kuliko wewe, mjukuu wangu. Imesema kweli kabla yako."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini nawaambia, nimetoka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Njia nzima nilikuwa nikijisemesha kwa Kiluguru, kwa sauti, na wapita njia wakinipisha.

Naomba mtu asicheke. Bosi ameamua kila Jumanne nipande Kinole kuzungumza na wakulima, na mimi sina hata kiatu kimoja kisicho na kisigino.