Vali Iliyo Juu ya Boma la Gladwell

Jumatatu, 3 Machi 2025

Baridi ya Timau imenishika magoti. Habari za kanisani jana ni mbaya zaidi: Gladwell anahama. (Mbele ya watu ni Mama Kiende. Gladwell namwita humu tu, ambamo hakuna anayesikia.) Binti yake Kiende anakuja Jumapili kumchukua, akakae naye mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Sababu? Maji! Mfereji wake unatoa uzi mwembamba, naye amechoka kubeba ndoo.

Mimi ni mgane, mwalimu mstaafu wa ufundi wa mitambo. Chanzo cha uzi huo nakijua. Ni ile vali kubwa ya mradi wetu wa maji, ndani ya shimo la saruji juu kidogo ya boma lake. Nifafanue. Ndani ya vali kuna bamba la chuma liitwalo lango. Ukizungusha usukani, lango hupanda na maji hupita. Letu limekwama nusu. Kulilegeza ni kazi ya asubuhi moja: mafuta, subira, usukani mbele na nyuma.

Asubuhi moja! Katika asubuhi moja mtu atamwambia mwanamke nini? Nimemweleza Mutegi, mwenyekiti wa mradi, kwamba vali yote lazima ifumuliwe, isafishwe, iunganishwe upya. Itachukua hadi Jumamosi. Akauliza kama ni lazima kweli. Nikakohoa kitaalamu.

Jumanne, 4 Machi

Maji yamefungwa kule juu. Kifuniko cha vali kimetoka. Kutoka shimoni naona paa lake na moshi wa jikoni. Moshi uliinamia upande wangu. Ni upepo, najua. Hata hivyo niliutazama sana.

Akaja! Uji moto kwenye chupa! Akauliza maji yatarudi lini. Swali zuri. Nikaanzia jinsi chuma kinavyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Nilipofika kwenye kutu, uji ulikuwa umepoa, naye alikuwa akitazama barabara.

Barabarani: Marete. Rika langu, mgane kama mimi, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Tofauti ni kwamba yeye ana pikapu. Nyuma, mapipa ya maji. Alisema hawezi kumwacha Mama Kiende akauke koo huku mwalimu akivifundisha vyuma kusoma. Gladwell akacheka. Kicheko kile nimekitafuta tangu msimu wa ngano uliopita, na Marete amekipata bila kushuka garini.

Kadiri ninavyofanya kazi kwa uangalifu, ndivyo Marete anavyohitajika. Jambo hili sikuliona nilipopanga.

Alhamisi, 6 Machi

Marete tena. Amenyweshwa chai ndani. Ndani! Mimi nanywea ukingoni mwa shimo kama mbwa wa mlinzi.

Mwingine angeharakisha. Vali haiharakishwi. Nimesugua uso wa lango mpaka nikajiona. Nikahamia upande mwingine.

Mchana Gladwell alipanda, akatandika gunia, akaketi karibu yangu. Kisha akasema Embu kuna joto, na huko hamjui mtu ila Kiende na wajukuu. Akasema kama kungekuwa na mtu wa kumwambia abaki, labda angefikiria.

Moyo ukapiga kama pampu iliyovuta hewa. Nikafungua mdomo. Nikamweleza kwamba akivumilia hadi Jumamosi, presha itakuwa nzuri ajabu.

Akasema asante, Mwalimu. Akachukua chupa yake, akateremka.

Nadhani presha imemgusa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kuunganisha! Majirani walikuja. Gladwell mbele kabisa, kwenye leso ya buluu. Marete ameegemea pikapu.

Niwaeleze nini, nisiwaeleze nini? Nilianza na gasketi, yaani pete ya mpira inayokaa kati ya mwili wa vali na kifuniko chake ili maji yasipenye. Niliikata kwa mkono wangu, kubwa kama sinia, nikaitundika shingoni isiguse mchanga. Nikaendelea na bolti. Bolti hazikazwi kwa kufuatana. Unakaza hii kidogo, halafu ile inayoikabili, kama watu wawili wanaokunja shuka. Hapo kwenye watu wawili nilimtazama. Akainamisha macho! Nikakaza zote kwa furaha.

Mutegi akafungulia maji kule juu. Yakaruka kutoka kila pembe ya kifuniko. Tukaloa sote, hata mwenyekiti.

Ndipo Marete akauliza, kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani, mkufu ule mzuri nimenunuliwa na nani.

Gasketi. Shingoni.

Gladwell alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akafuta macho, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Nikaahidi kesho.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Mungu anaelewa gasketi.

Nilikuwa kwenye bolti ya mwisho gari la Kiende lilipofika. Kiende akafungua mfereji wa jikoni: pumzi tu. Nilimsikia akimwambia mamake, si unaona? Masanduku yakapakiwa kwenye pikapu ya Marete, aliyejitolea kuyafikisha Embu. Gladwell akapanda mbele, kando ya Marete, akanipungia. Mkono wangu mmoja ulikuwa na spana, mwingine tambara. Nikapunga kwa spana.

Vumbi lilipotulia, nikafungulia. Kifuniko hakikutoa hata tone! Chini, mfereji ambao Kiende aliusahau wazi ukanguruma ndani ya karai, kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikateremka kuufunga. Meko yalikuwa bado na joto. Nilikaa hapo kidogo.

Presha ni nzuri ajabu.

Jumatano, 12 Machi

Marete amerudi, amenuna. Anasema njia nzima Mama Kiende alikuwa akiuliza kama Mwalimu hula vizuri.

Nimempigia Gladwell simu. Nikamuuliza hali ya maji. Amesema yapo usiku na mchana, hakuna tatizo lolote. Nije tu kumwona. Akarudia: njoo mikono mitupu, Mwalimu.

Maskini Gladwell! Hataki kunisumbua. Maji yasiyo na tatizo lolote hayajawahi kuwepo. Nimempigia Kiende, akasema juu ya paa la ghorofa lao kuna tangi, na chini ya tangi kuna vali. Ni ya inchi mbili tu, lakini nikiwa mwangalifu inaweza kunipa wiki nzima. Naondoka kesho na spana zote. Nimemwomba Kiende awaambie wapangaji wakinge maji ya kutosha.