Buda wa Kuita Mvua

Thongsavat alijua kumzeesha Buda wa kuchongwa kwa wiki mbili tu: chai nzito, masizi, kisha kumfukia penye mchwa. Pale Luang Prabang, mji wa kale wa Laos, alikwisha kuwauzia matajiri Mabuda wengi wa "miaka mia tatu", ambao mbao yao ya msaji ilikuwa bado inanuka randa. Kwa hiyo alipoingia kwa mjane mmoja, Mama Chanpheng, kuomba maji ya kunywa, akaona rafuni Buda amesimama, mikono imenyooka chini ubavuni, mweusi kwa moshi wa miaka, mate yalimjaa kinywani. Huyu alikuwa wa kale kwelikweli.

"Mama," alisema kwa sauti ya mleta habari za msiba, "huyu Buda amekata tamaa. Tazama mikono ilivyolegea. Nyumba yenye Buda wa hivi haina baraka."

Mjane alishika kifua. "Kumbe ndiyo maana kuku wangu hawatagi."

"Nitakubadilishia. Ninaye mmoja kwenye pikipiki yangu hapo nje, ameketi, ana dhahabu, vidole vinagusa ardhi. Huyo ndiye mshindi wa shetani."

"Huyu kaachwa na baba mkwe wangu, mwanangu. Nikimtoa hivihivi, shemeji zangu watanila nyama. Labda wangepoa wakiona hiyo pikipiki yako."

Thongsavat alijifanya kuumia, ingawa Buda yule angemnunulia pikipiki kumi. Akamwachia mshindi wake na ufunguo wa pikipiki, akambeba mzee begani, akatembea hadi mjini akipiga mluzi.

Viengkham, mnunuzi wa vitu vya kale, alimnusa Buda mara moja.

"Moshi wa samaki," alisema. "Mama Chanpheng huwatundika Mabuda wapya juu ya jiko miaka miwili. Kazi safi. Huyu ni wa tatu kuletwa mwaka huu, na wote waliowaleta ni matapeli. Watu waaminifu humwachia Buda wake."

Thongsavat alirudi kwa miguu, akamkuta mjane anafuta pikipiki vumbi.

"Mama, umenipa Buda wa uongo."

"Si ulimwomba mwenyewe? Na mikono ile haijakata tamaa, inaita mvua. Kila mtoto hapa anajua. Ulipomsingizia Buda, nikasema huyu ni tapeli mwenzangu."

Pikipiki haikumuuma Thongsavat sana. Kilichomuuma ni zile wiki mbili zake, ambazo sasa aliziona mchezo wa kitoto. Akavua viatu, akaketi.

"Mama, unafundisha?"

Mjane alimpima kwa macho.

"Ada ni pikipiki," alisema, "na umeshalipa. Kapasue kuni."