Mwisho Unga na Maziwa

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe kafika! Begi moja, mto wake mwenyewe, na mashavu yamevimba kama aliyeficha ndimu mbili. Daktari wa meno kamng'oa sita kwa mpigo. Kamshona nyuzi, kampiga marufuku kutafuna, na kamwambia asiseme neno mpaka nyuzi zitoke, Jumatatu ijayo. Atakaa kwetu muda wote huo.

Wiki nzima! Nafasi ya dhahabu!

Nieleze. Miaka minane nimemwoa binti yake. Miaka minane ananiita Huyu. Huyu keshakula? Mwambieni Huyu afunge mlango. Lakini mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, fundi wa mafriji anayejiita Injinia, yeye tangu siku ya harusi ni "mwanangu". Mwanangu keti. Mwanangu ongeza. Kisa? Alimtengenezea friji. Mimi nampa kalenda kila mwaka, tena yenye karatasi nzito!

Mpango umenijia nikiwa napandisha begi ngazini. Mtu asiyeweza kutafuna, njia ya moyoni mwake ni ya majimaji. Nitampikia supu nzito ya kuku na mboga, laini, yenye maziwa, ya kumtuliza roho. Nyuzi zikitoka, neno la kwanza kinywani mwake litakuwa "mwanangu", na atakuwa ananitazama mimi.

Muda ninao. Kiwanda cha uchapaji kimefungwa wiki hii, mtambo mkubwa uko kwa mafundi. Mke wangu anafundisha udereva, anatoka alfajiri anarudi jioni. Jiko ni langu! Kweli sijawahi kupika supu. Lakini kazi yangu ni kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, na nimesahihisha vitabu viwili vya mapishi tangu jalada mpaka jalada. Sioni tofauti kubwa.

Nimemwomba mama mkwe aniandikie anavyoipika yeye. Zamani alikuwa karani wa simu za maandishi posta, enzi ambazo kila neno lililipiwa, na hadi leo anaandika kana kwamba bili inakuja. Karatasi yake hii hapa:

"Chemsha kuku viazi karoti kitunguu. Lainisha. Ponda. Mwisho unga na maziwa."

Mkato hata mmoja hamna! Nimeitia mikato kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia aone. Ameitazama muda mrefu. Nadhani amevutiwa.

Jumanne, 10 Juni

Siku kuu! Nimeamka kabla ya kengele ya saa. Kuku mzima, viazi vitano, karoti nne, kitunguu kilichoniliza mpaka nikawakumbuka marehemu wote wa ukoo. Saa nne sufuria inatokota na harufu imejaa mpaka ngazini. Jirani wa chini kagonga kuuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia angoje kidogo, atasikia.

Nikalainisha. Nikaponda. Nikafika mwisho: unga na maziwa. Hapo mwandishi kaacha kipimo, kosa la kawaida kwa waandishi wa mapishi. Nikatumia busara yangu. Vikombe vitatu vya unga wa ngano, kisha maziwa.

Ikawa nzito. Ikazidi kuwa nzito. Kijiko kikasimama chenyewe katikati bila kushikwa! Nikasema sasa hii ndiyo supu.

Nilipompelekea mama mkwe, alichukua bakuli akaligeuza juu chini. Halikudondoka hata tone. Akachukua daftari lake, akaandika neno moja na alama ya kuuliza: "Plasta?"

Na nani akabisha hodi dakika hiyohiyo? Injinia! Shati jeupe, chupa ya chai mkononi, na ndani ya chupa, supu. Laini. Rangi ya siagi. Pole mama, pole mama. Mama mkwe akanywa vikombe viwili, akaandika: "Asante mwanangu." Mbele ya macho yangu!

Jioni mke wangu kasoma ile karatasi, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Ati "unga" pale si unga, ni kitenzi. Kuunga. Kumalizia supu kwa maziwa. Akaniuliza inakuwaje msahihishaji mzima anashindwa kutofautisha kitenzi na nomino. Nikamjibu kwamba maandishi yenye alama kamili hayana utata, na kwamba lawama imwendee mwandishi. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu chini ya meza. Hukanyaga hivyo kila anapoona naenda kasi. Ni breki ya gari la mafunzo, haijamtoka.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna kilichopotea. Supu ya jana nimezibia ufa nyuma ya sinki. Imeshika kuliko saruji!

Nimenunua kuku wa pili. Muuza kuku kaniuliza kama nina wageni wengi. Nikamwambia mmoja tu, hana meno. Akanipa pole.

Kisha nikamwendea mama mkwe kwa unyenyekevu nikamwomba maelekezo yaliyo wazi zaidi, yasiyo na vitenzi vya kuvizia. Akanitazama. Akashusha pumzi kwa pua. Akaandika:

"Mwanzo kama juzi. Maziwa krimu yaingie mwisho. Kuchemsha mwiko."

Sasa hapo tunaelewana! Nikatia mkato kati ya maziwa na krimu, na nukta mbili pale palipohitajika: "Kuchemsha: mwiko." Kumbe nilikosea kifaa! Jana nilitumia kijiko cha bati. Nimekwenda sokoni moja kwa moja, nimenunua mwiko wa mti mgumu, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni. Nimeufanyia mazoezi jioni kwenye sufuria tupu. Mke wangu kauliza nafanya nini. Nikamwambia atajua kesho. Mguu ukakanyaga.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nikiwa na uchungu.

Yote yalikwenda sawa mpaka maziwa na krimu vilipoingia. Rangi nzuri! Nikaongeza moto. Nikachemsha kwa mwiko dakika arobaini bila kupumzika, jasho linanitoka, nikibadilisha mikono. Na kadiri nilivyochemsha ndivyo supu ilivyonisaliti. Maziwa yakakatika. Maji upande huu, mabonge upande ule, na katikati karoti zikielea kama hazijui zimfuate nani.

Nikampelekea hivyohivyo, nikimweleza kwamba leo ni vyakula viwili katika bakuli moja. Akachungulia. Akaandika: "Mwiko!!"

Alama mbili za mshangao! Mwanamke ambaye hajawahi kulipia hata moja! Nikadhani kafurahi, nikakimbia jikoni, nikaja nao, nikauinua juu aone nimeutumia kweli. Akajifunika uso kwa mto.

Jioni somo jingine. Mke wangu anasema mwiko pale ni marufuku. Haramu. Ukishatia maziwa usichemshe, ni mwiko kuchemsha. Nikamwuliza kama ni hivyo, kwa nini basi nimenunua mwiko? Akazima taa ya jikoni.

Injinia alikuja tena na chupa yake. Kabla sijamuuliza akajigamba kwamba siri yake ni blenda. Mambo ya kuponda kwa mkono, kasema, yalikwisha zamani. Akanigonga bega. Nikacheka naye. Ndani nilikuwa nafukuta.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Ah, nimepata!

Blenda ya Injinia itakuja kwangu kwa mikono ya Injinia mwenyewe! Asubuhi nimempigia simu shemeji, mke wake, sauti ya huzuni. Nikamwambia friji letu linanguruma usiku, mama hapati usingizi. Ikiwezekana bwana aje kesho kulitazama. Na shemeji, nikaongeza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, angekuja na blenda, tumsagie mama papai. Shemeji kasema mimi ni mtu mwenye huruma kuliko watu wanavyofikiri. Sikuuliza ni watu gani.

Friji letu halina neno. Nimeweka sahani mbili za bati juu yake, zimeegemeana. Sasa linanguruma vizuri sana.

Kuku wa tatu kanunuliwa. Muuza kuku kanipunguzia bei bila kuombwa.

Jumamosi, 14 Juni

Injinia kafika saa tano. Kaondoa sahani, friji likanyamaza, kazi ikaisha kwa sekunde nne. Akanitazama kwa namna fulani. Lakini blenda ilikuwa tayari mezani, na supu yangu ilikuwa tayari inatoka mapovu. Nikaimimina ikiwa ya moto, nikajaza mpaka ukingoni.

Injinia akapaza sauti. Ati niiache ipoe. Ati nisijaze. Ati angalau nishike kifuniko. Nikamwambia nyumba hii haina mainjinia wawili. Nikasimama mbali, nikabonyeza kwa ncha ya mwiko.

Sikujua kuku anaweza kuruka kiasi kile baada ya kuchinjwa. Kifuniko kiligonga taa. Supu ikapanda dari yote, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kurudi. Shati jeupe la Injinia si jeupe tena. Tunashukuru hakuna aliyeungua, ila blenda imepasuka na haitasaga tena.

Mama mkwe akatokea mlangoni. Akatazama dari. Kipande cha karoti kikadondoka juu ya kichwa cha Injinia, kikakaa. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Kashika shavu kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, machozi yanamtoka, anacheka kwa pua kwa sababu ya nyuzi. Miaka minane sijawahi kumwona akicheka. Kisha akashika tumbo, na hapo nikakumbuka kwamba tangu asubuhi hajala kitu, na chupa ya Injinia haikuja leo.

Nikaona aibu. Aibu ya kweli. Mpango sikuwa nao hata mmoja.

Sufuriani ilibaki nusu. Injinia akaenda kuoga. Nikakaa kwenye stuli, nikaweka chujio juu ya sufuria nyingine, nikaanza kusukuma viazi na karoti kwa mwiko, kidogo kidogo. Kuku nikamchambua kwa vidole, nyuzinyuzi. Saa nzima. Mkono ulikufa ganzi. Nikapasha tena, nikazima moto, ndipo nikatia maziwa na krimu. Sikuchemsha. Sikutia unga. Sikusahihisha chochote.

Nikampelekea mama, nikapuliza, nikamshikia bakuli. Akaonja. Akasimamisha kijiko. Akala. Akala yote, akakwangua chini, kisha akalisukuma bakuli kwangu na kunyoosha kidole jikoni. Anataka tena!

Nimeshindwa kujizuia, nimelia kidogo. Nimesingizia kitunguu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nimekuta bakuli la mama jikoni, tupu, safi, na chini yake karatasi. Nainakili jinsi ilivyo:

"Mwanangu nimeshiba. Wewe na jiko mwiko."

Mwanangu! Mimi! Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama na mara tatu nikiwa nimekaa. Mama huyu hapotezi neno. Angeweza kuandika "nimeshiba" akaishia hapo, nami ningeelewa. Lile la mwanzo hakulazimika. Kalilipia kwa hiari yake.

Nikampelekea mke wangu kitandani. Kasoma, akanishika mkono kwa upole na kusema hongera, ila nisome mpaka mwisho. Ati mama kanipiga marufuku jikoni. Ati hata dari inasema hivyo.

Maskini mke wangu. Udereva anaujua, lugha bado. Nikamweleza taratibu. Alhamisi mwiko ulikuwa marufuku, nakubali, nilijifunza. Ndiyo maana leo hauwezi kuwa marufuku! Mtu aliyekuwa karani miaka thelathini hawezi kurudia neno lilelile kwa maana ileile ndani ya wiki moja. Isitoshe jana mama aliniona kwa macho yake, nimekaa na mwiko mkononi, na supu ikatoka. Hapa anazungumzia mwiko wa mti. Wangu. Kaacha neno moja tu kwa kubana matumizi, na kwa bahati nzuri nyumba ina mtaalamu.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikarudisha neno lililopotea: "Wewe na jiko na mwiko."

Nimeibandika ukutani juu ya jiko, pale ambapo supu ilikwishakauka. Mama kapita, kaisoma, kaitazama kalamu, kanitazama mimi. Kafungua kinywa kusema, kakumbuka nyuzi, kakifunga. Zinatoka kesho saa tatu! Nina hamu ya kusikia neno la kwanza!

Nimekwishawaalika ukoo mzima kuja kulisikia, na kunywa supu. Injinia naye nimemwalika, nimemshauri asivae nyeupe. Mke wangu kakanyaga breki miguu miwili kwa pamoja. Nimeagiza kuku wanne, krimu chupa tatu, na blenda mpya, kubwa zaidi. Na unga kilo mbili, kwa tahadhari.